Ovaholi ya injini ya Subaru STI hapa Kampala: milioni 23.4 zimeenda wapi

Nianze na bei maana ndo kila mtu ananiuliza kwanza: shilingi milioni 23 na laki nne, injini peke yake, EJ207 ya Impreza WRX STI ya 2004, kuanzia inafunguliwa mpaka imewaka na kutyuniwa. Klachi haimo humo, matairi hayamo. Watu wakisikia hiyo hesabu wanasema ungenunua Kikumi (Toyota Corolla ya zamani) mbili ukawa na gari mbili za kukupeleka kazini, na mimi nawaelewa kabisa, ila nimeamua kuandika hii rivyu kwa urefu kwa sababu nimeona watu wa Subaru hapa mjini wanapewa bei ya milioni tano, milioni sita, wanalipa, gari inatoka inang'aa, halafu mwaka haujaisha injini ile ile iko chini tena, na hakuna aliyekaa nao akawaelezea pesa ya injini kama hii inaenda wapi.

Gereji yenyewe iko Industrial Area, jina naliacha maana mwenyewe ameniomba, ndani kuna nafasi ya magari matatu tu na foleni tayari ipo, anayetaka kweli aniandikie pembeni nitampa. Kwa nje ni banda la mabati la kawaida, unaweza kupita usigeuke hata. Lakini ndani kuna chumba chenye mlango, sakafu imepigwa rangi, humo ndo injini zinafungwa, vumbi haliingii, na kuna meza nzima ya vipimo: maikromita, geji ya kupimia ndani ya silinda, spana za toki (za kukaza bolti kwa nguvu iliyopimwa) za saizi tofauti. Hicho chumba ndo kilinifanya niiache gari pale. Mafundi wazuri Kampala wapo wengi, Kisekka na Katwe kuna watu wana mikono ya ajabu, lakini injini ya kufungwa uwanjani huku lori linapita linamwaga vumbi hiyo kwa Subaru ya tabo (ile feni inayozungushwa na moshi kuisukumia injini hewa) siikubali, beringi zake zinafanya kazi kwa uwazi wa sehemu chache za mia za milimita, mchanga kidogo tu umeshaharibu.

Gari ilianza kugonga. Ile sauti nzito ya chini inayopanda pamoja na resi, nikazima hapo hapo Lugogo nikaita brekdauni. Kabla sijaipeleka popote nilipigia gereji kadhaa, moja wakaniambia bila hata kuona gari, milioni 6 kila kitu, nikauliza kila kitu ni nini, wakasema beringi, ringi, gasketi na krenki, yaani shafti kuu ya injini, itaenda kusagwa. Fundi mkuu wa hii gereji ninayoiandika yeye alisikiliza kwa sekunde chache akasema, "Ssebo, hiyo ni konrodi, usiwashe tena. Bei leo sikupi." (Konrodi ni ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, na ssebo ni bwana kwa Luganda.) Nikamwambia mzee, nipe hata ya kukisia nijipange, akasema akikisia atanidanganya, nilipe laki sita za kufungua, kuosha na kupima, halafu ataandika kwenye karatasi. (Alifanya kazi Nairobi miaka mingi, Kiswahili chake kimenyooka, tulielewana vizuri, vijana wake wanaongea zaidi Luganda lakini wanasikia.)

Sasa hiyo laki sita wengine wanaiona ya bure, mtu anasema kupima tu unanilipisha? Mi naona ndo pesa yenye thamani kubwa kuliko zote kwenye bili nzima. Injini ya Subaru si kama ya Premio ambayo unainua hedi juu, unafungua sampu (bakuli la oili) chini, unaona kila kitu. Hii imelala, pistoni mbili kushoto mbili kulia, bloku ni nusu mbili zimebana krenki katikati kwenye beringi tano. Ili utenganishe hizo nusu lazima kwanza utoe pini za pistoni, na pini hazionekani, unazifikia kupitia vitundu vya pembeni mwa bloku, unazungusha krenki mpaka pini inakaa sawa na kitundu, unatoa kiklipu kidogo kwa koleo refu, halafu unaivuta pini nje. Fundi asiyeijua anaanza kugonga na nyundo. Na wakati wa kurudisha ni hivyo hivyo, kile kiklipu kikiingia vibaya kikaja kuchomoka kinakula ukuta wa silinda. Nilisimama pale nikaangalia wakitoa na nikaelewa kwa nini huyu mzee hataki kutaja bei kwenye simu.

Walipofungua chanzo kikaonekana. Bomba la kunyonya oili lililoko ndani ya sampu lilikuwa na ufa pale lilipounganishiwa. Huu ni ugonjwa unaojulikana wa injini za EJ, yaani ukoo mzima wa hii EJ207 yangu, bomba linachoka kwa mtetemo, linapata ufa mwembamba, pampu inaanza kunyonya hewa pamoja na oili, presha inashuka hasa ukikata kona kwa nguvu au ukivuta resi za juu, na beringi za konrodi ndo zinakufa kwanza. Unaweza kuwa na oili imejaa mpaka alama ya juu na bado injini ikafa njaa. Bomba lililoimarishwa kwa kuchomelewa vizuri lilinigharimu laki tano na nusu. Yaani kitu cha laki tano na nusu ndo kimeleta bili ya milioni 23, na kama una EJ ya tabo na unafungua sampu kwa sababu yoyote ile, nakuomba badilisha hilo bomba siku hiyo hiyo.

Baada ya kupima nikapewa karatasi. Makadirio milioni 19 na laki tatu, na chini ameandika kwa mkono kwamba krenki na tabo havimo, bado anavisubiri. Vyote viwili vikaja kuongezeka, krenki milioni 2.3, tabo milioni 1.8, ndo ikafika 23.4. Hakunificha, lakini nawaambia mnaojipanga: ukipewa makadirio ya injini ya hivi na hakuna mstari unaosema nini bado hakijulikani, hiyo karatasi usiiamini.

Kuhusu krenki. Shingo yake moja, pale inaposhikwa na konrodi, ilikuwa imechimbika, na shingo hizo kiwandani ni milimita 52. Gereji nyingi hapa zingepeleka kusaga, unaweka beringi nene zaidi, umemaliza kwa laki chache. Mzee akakataa, na sababu yake ina maana: krenki za hizi STI ngozi yake ya juu imefanywa ngumu kwa naitrojeni, na ngozi hiyo ni nyembamba, ukisaga mpaka uchimbo uishe umeshaiondoa, unabaki na chuma laini kinachozunguka mpaka resi 8,000 kwa dakika. Itatembea, ndio, itatembea mpaka isitembee. Akasema, "Mimi nikikusagia utaondoka unanishukuru, mwaka kesho utanitukana." Nikalipa krenki mpya.

Konrodi seti milioni 2.2, pistoni za kufuliwa kama kazi ya mhunzi (forged) na ringi zake milioni 3.4, beringi zote laki sita na nusu, hizi beringi zililetwa na basi kutoka Nairobi. Pistoni zilipita Entebbe kwa ndege na hapo ndo mtu anashangaa bei, maana ukiangalia mtandaoni unaona bei ya Marekani unafikiri ndo hiyo. Weka usafiri, weka ushuru, weka VAT asilimia 18, weka mtu wa kukutolea mzigo, ndo unafika hapo. Nilihesabu mwenyewe nikaona gereji haikuweka faida kubwa kwenye spea, walinionyesha invoisi bila kuniuliza mara mbili, hiyo nawapa maksi zote.

Silinda za EJ207 ni milimita 92 kwa kipimo cha kiwanda. Zangu zilikuwa zimekwaruzwa na moja imeshaanza kuwa na umbo la yai, kwa hiyo zikapanuliwa mpaka 92.5, ambayo ni ovasaizi inayokubalika. Sasa hapa kuna jambo watu wa bei rahisi hawalifanyi kabisa. Bloku hii ni ya alumini, ukikaza bolti za hedi silinda zinabadilika umbo kidogo. Ukizichonga bloku ikiwa tupu zinatoka duara safi kwenye mashine, halafu ukifunga hedi duara linapotea, ringi hazikai vizuri, gari inakula oili na mwenye gari anaambiwa Subaru ndo zilivyo, zinakula oili. Inabidi wafunge bamba nene la chuma juu ya bloku, wakaze kwa toki ile ile ya hedi, ndo wachonge huku bloku iko kwenye hali yake ya kazi. Hawa wanalo hilo bamba la Subaru, nililiona, na kila silinda ilipimwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili, namba zikaandikwa kwenye karatasi ambayo ninayo nyumbani. Kuchonga silinda, kusawazisha uso wa bloku na hedi, kuosha tena, milioni moja na nusu.

Hedi nazo zina hadithi yao. Kila upande una kamshafti mbili, jumla nne, valvu 16, na za kuingiza hewa zina ule mfumo wa kubadilisha taimingi (wakati wa valvu kufunguka) kwa presha ya oili. Uwazi wa valvu haurekebishwi kwa skurubu, unarekebishwa kwa kubadilisha vikombe vyenyewe vinavyokaa juu ya valvu, kila kikombe kina unene wake. Ukishasaga viti vya valvu, valvu inakaa juu zaidi, uwazi unapungua, kwa hiyo vikombe vya zamani havifai tena, unapima kimoja kimoja, unaagiza vya unene unaotakiwa, unafunga, unapima tena. Kiwango ni milimita 0.20 upande wa kuingiza na 0.35 upande wa moshi. Hapa ndo kazi ilikwama kwa muda mrefu kuliko sehemu zote maana vikombe vilivyokuja mara ya kwanza vichache havikuwa vya unene walioagiza, na badala ya kufunga hivyo hivyo wakasubiri vingine. Nilikuwa nimechoka kusubiri kweli, lakini naona walifanya sawa. Hedi zote na vifaa vyake milioni 1.6, gasketi zote seti nzima na zile za hedi za chuma tabaka tabaka milioni 1.4, stadi za hedi (bolti ndefu za kuishikia) laki nane, taimingi belti na rola zake na pampu ya maji milioni 1.3. Kwenye belti msibane pesa jamani, hii injini belti ikikatika valvu zinakutana na pistoni, na hapo unarudi mwanzo wa hii stori.

Halafu kuna usafi. Beringi ikila, unga wa chuma unasambaa na oili kila mahali, na mi naamini hapa ndo ovaholi nyingi za Kampala zinakufa, kuliko hata kwenye krenki. Kipoza oili kile kinachokaa nyuma ya filta, ndani kina vijia vidogo vidogo, huwezi kukiosha ukawa na uhakika, kinatupwa, kipya laki tano. Pampu ya oili mpya laki sita na nusu. Bolti za mabomba ya kupeleka oili kwenye tabo na kwenye mfumo wa kamshafti zina vichujio vidogo ndani ambavyo hata mafundi wengi hawajui vipo, zikiziba tabo inakauka. Na tabo yenyewe, hii ni ile ya njia mbili za moshi, ilikunywa unga ule ule, shafti ilikuwa inacheza, ikafunguliwa na kuwekwa moyo mpya. Yule wa milioni 6 hakutaja hata kimoja kati ya hivi. Angefunga beringi mpya kwenye injini ambayo kipoza oili chake kimejaa chuma, na siku ya kwanza tu ukiwasha chuma kinarudi kwenye beringi mpya.

Kufunga injini yote milioni 2.5, kutyuni milioni moja, oili, kulanti, plagi na filta laki sita na nusu. Ukijumlisha kazi ya watu, yaani kupima, kuchonga, kufunga na kutyuni, ni milioni 5 na laki sita, haifiki robo ya bili. Zinazobaki karibu zote ni vyuma. Kwa hiyo mtu akikuambia injini yako nzima anaitengeneza kwa milioni 6 jiulize tu ni vyuma vipi anarudisha vya zamani, hakuna namna nyingine hesabu inaweza kukubali, hata kama hajilipi yeye mwenyewe shilingi moja.

Wengi wameniuliza kwa nini sikununua injini nyingine ya Japani pale Kisekka. Niliuliza. EJ207 yenye vitu vyake vyote niliambiwa milioni 14, na garantii ni kuisikia inawaka. Haijafunguliwa, hujui bomba lake la oili likoje, hujui ilikaa kwa nani, inaweza kuwa safi kuliko yangu na inaweza kufa kabla hujafika Mukono. Kwa mtu wa Forester au Legacy ya kawaida ningesema chukua injini ya mtumba, uzipime kompreshoni (presha ya kila silinda), tembea, ovaholi ya aina hii haitarudisha pesa yako kamwe. Lakini STI ya umbo hili ziliacha kutengenezwa 2007, na sheria ya 2018 imekataza kuingiza gari ya miaka 15 na zaidi, maana yake hakuna nyingine itakayoshuka Mombasa ikapita Malaba kuja hapa. Zilizopo Uganda ndo hizo hizo. Nikiiharibu hii sina pa kwenda kununua nyingine, na hii gari naipenda, sioni aibu kulisema hilo, nimekua naangalia Impreza za bluu zikirusha tope kwenye Pearl of Africa Rally na nilijua tangu mdogo kwamba siku moja nitakuwa na yangu.

Na STI bado ni nafuu. Pale pale gerejini kulikuwa na BMW M5, ile ya V10 ya lita 5, nayo imekuja kwa beringi za konrodi, ugonjwa unaojulikana dunia nzima kwa injini hiyo. Chukua hesabu yangu uzidishe: pistoni 10 badala ya 4, valvu 40 badala ya 16, throto ya kuingiza hewa kila silinda na yake. Mzee aliniambia mwenye ile gari alipopewa karatasi alikaa kimya akaomba maji. Na Porsche 911 za kawaida za mwisho wa miaka ya 90 na mwanzo wa 2000, zile za kwanza kupozwa kwa maji, silinda zake hazina shati la chuma kama Subaru, ukuta wenyewe ni alumini yenye silikoni, ukikwaruzika huchongi tu ukaweka ovasaizi ukaondoka, bloku ya hivyo gereji hii inapeleka nje. Kwa hiyo ukiona gari ya hivyo inauzwa bei ya kutupa, na muuzaji anasema ina kasauti kadogo tu, bei halisi ya ile gari hujaiona bado.

Sasa mabaya yao, maana yapo. Simu. Hawa watu hawapigi simu. Unaweza kukaa wiki unadhani kazi inaendelea kumbe wanasubiri wewe ukubali kitu ambacho hawajakuuliza. Ilibidi niwe napita mwenyewe jioni nikitoka kazini, na jamu ya Jinja Road mnaijua. Kwa mtu wa Mbarara au Gulu ambaye hawezi kupita hii ni shida kubwa, wanahitaji kijana mmoja tu wa kutuma picha na meseji, basi. Pili, muda, waliniambia hesabu miezi miwili na ikapita zaidi ya mara mbili yake, sehemu kubwa ni spea kuchelewa lakini sehemu nyingine ni wao kuingiza gari za rali katikati wakati mashindano yanakaribia. Tatu, hawana daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari. Kutyuni kulifanyika barabarani usiku na laptopu, mtyunaji anajua kazi, sensa ya hewa na mafuta ilifungwa, log zote alinipa, lakini milioni moja kwa kutyuni bila karatasi ya daino naiona juu. Na garantii ni miezi sita kwa kazi yao tu, spea haimo, na ukigusa kompyuta ya gari garantii imekufa. Hiyo ya kompyuta nawaelewa.

Kuhusu kompyuta, jambo moja muhimu kwa wote wenye gari za Japani za aina hii. Ramani ya kiwandani (mpangilio ulio ndani ya kompyuta) ya STI ya Japani imeandikwa kwa haioku yao, petroli ya daraja la juu, ambayo inauzwa karibu oktani 100. Petroli ya pampu zetu haifiki hapo. Ukiweka bosti (presha ya tabo) kamili na taimingi ile ile ya moto wa plagi, mafuta yanajilipukia kabla ya wakati, unasikia kama changarawe kidogo au husikii kabisa, na kingo za pistoni zinazoshika ringi zinavunjika. Mtyunaji alirudisha taimingi nyuma na kushusha bosti kidogo, gari imepoteza ukali fulani pale juu, naisikia, na naikubali. Afadhali nguvu iliyopungua kuliko pistoni nyingine. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa nyepesi, tabo tayari inafanya kazi zaidi kupata presha ile ile, sasa ukiiongezea na mafuta dhaifu unaitafuta balaa.

Siku ya kuwasha hawakuwasha kwanza. Walitoa plagi, wakakata umeme wa mafuta, wakazungusha kwa stata mpaka geji ya oili ikapanda, ndo wakarudisha plagi. Ilishika mara ya kwanza na haikuachwa kukaa sailensa muda mrefu, ilitoka barabarani kwa mzigo wa kawaida, kupanda na kushuka resi, maana ringi zinakaa kwa mzigo, injini mpya ukiiacha inaunguruma tu imesimama unaharibu kuta za silinda. Oili ya kwanza ya madini ilimwagwa baada ya kilomita 50, wakaikata filta kwa msumeno mbele yangu, wakaikunjua karatasi yake juani tukaangalia. Kulikuwa na vumbi la kung'aa kidogo sana la ringi mpya, hakuna vipande. Baada ya hapo niliitembeza Masaka na kurudi kwa mwendo wa kubadilika badilika, oili ikamwagwa tena, filta ikakatwa tena, ikawa safi. Sasa imeshavuka kilomita 4,000, haijala oili ya kuonekana kwenye kijiti, presha iko pale pale ikiwa moto, kompreshoni za silinda nne zinakaribiana sana. Nimeongeza geji ya presha ya oili kwenye dashibodi, ile taa nyekundu ya kiwandani ikiwaka beringi zimeshakwenda, msiitegemee.

Ningeirudisha pale? Ndio, bila kuwaza, na nimeshampeleka shemeji yangu na Mitsubishi Evo yake. Nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa simu na muda. Kama unaenda, kaombe kwanza ile ya laki sita ya kufungua na kupima peke yake, ukiona karatasi huiwezi unaweza kuchukua injini yako ikiwa kwenye maboksi yenye lebo, hawakulazimishi. Weka akiba ya asilimia 20 hivi juu ya makadirio kwa krenki na tabo. Na injini ikiwa nje, klachi, sili ya nyuma ya krenki na hozi zote za maji chini ya manifoldi badilisha wakati huo huo hata kama bado zinafanya kazi, kwa sababu kuishusha tena injini kwa ajili ya hozi ya elfu arobaini wanalipisha kama kawaida.